Nywele za rasta zataka maji kuliko maneno

Atembeaye Mji wa Kale wa Mombasa wakati wa alasiri, au akaaye forodhani Lamu kungojea mashua, hakosi kuwaona vijana ambao nywele zao zimesokotana zikawa kama kamba za makumbi. Wenyewe huziita dredi. Wengi wetu twaziita nywele za rasta. Na wako wazee wanaoziita kwa majina nisiyoweza kuyaandika hapa, kwani ukurasa huu husomwa na watoto pia. Wala si vijana wa ufuoni peke yao siku hizi. Wamo mafundi wa magari, wamo walimu wa shule, na wamo wasichana wa vyuo vikuu ambao huzifunika kwa mtandio na buibui, mtu asijue mpaka siku ya harusi wakiwa wanawake watupu.

Barazani maneno ni mengi. Husemwa kwamba nywele hizi haziogeshwi. Husemwa zina chawa. Husemwa mwenye nazo hana udhu, wala janaba haimtoki hata akijitupa baharini. Nimeyasikia haya kwa miaka, na aghalabu wasemaji ni watu ambao hawajapata kuzigusa. Basi mwaka huu nikaona afadhali niwaendee wenye kazi. Nikakaa siku kadhaa katika kibaraza cha msusi mmoja wa kiume hapo Kibokoni, naye huwasuka wanaume. Na mke wangu akaniendea kwa msusi wa wanawake, akarudi na habari zake. Mimi mwenyewe sina la kusokotwa, upara umenitangulia, kwa hivyo wasomaji wasinidhanie kwamba natetea kichwa changu.

Jambo la kwanza nililolifahamu ni kwamba nywele hizi si uchafu ulioganda. Unywele wetu wa kipilipili hujikunja wenyewe tangu unapochomoza ngozini, na ukiachwa bila ya kitana huukumbatia unywele wa jirani. Kila mwanadamu hupukutisha nywele baina ya 50 na 100 kwa siku. Mwenye kuchana huziona zimebaki katika kitana akazitupa. Mwenye kusokota hazimtoki, hubaki ndani ya msokoto na kuunenepesha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msokoto mkongwe ni nywele zilizokwisha kung'oka zamani, zikashikwa na zile zilizo hai. Hilo ndilo la kukumbukwa katika kila nitakalolisema mbele, kwa sababu kamba ya namna hiyo hunywa maji kama sponji na huyatoa kwa taabu.

MWANZO WAKE

Msusi huanza kwa kukigawa kichwa. Huchukua kitana chenye mkia mwembamba, akachora njia, akatoa vijisehemu vya mraba kama vigae vya sakafu, kila kimoja msokoto wake. Vijisehemu vikiwa vidogo, misokoto huwa mingi na myembamba. Vikiwa vikubwa, huwa michache na minene, na hapo mwenyewe ndiye achague, kwani akishachagua hawezi kurudi nyuma ila kwa mkasi. Kisha wako wanaosokota kwa kitana, wakikizungusha kuanzia shinani. Wako wanaoviringisha kwa viganja viwili, kama mtu asokotaye uzi wa kushonea tanga. Wako wanaosuka kwa kupitisha nyuzi mbili tu, moja juu ya nyingine, wakaziacha zishikane zenyewe. Na wako watumiao sindano yenye ndoano, ile ya kufumia vitambaa vya meza, wakavuta nywele zilizochomoza na kuzirudisha ndani. Na wako ambao hawafanyi lolote. Huacha kuchana, basi.

Tangu siku ya kwanza hadi nywele zishikane zisifunguke, hupita kama miezi 6 kwa mwenye nywele za kipilipili kikali, na kwa mwenye nywele laini, kama wengi wa watu wetu wenye damu ya Kiarabu au ya Kibajuni, huenda ikafika mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo ndipo uvumi wa uchafu ulipopata mizizi. Msokoto mchanga ukipigwa maji hufunguka, na kazi ya siku nzima ikapotea. Kwa hivyo wasusi wengi humwambia mtu asizioshe wiki kadhaa, na wengine humpa hata mwezi na zaidi. Kijana husikia hivyo akafurahi, maana ni nani asiyependa kuambiwa asifanye kazi? Nywele zikatoa harufu, mba zikaanguka mabegani, na mtaa ukapata la kusema.

Nilimuuliza msusi wangu wa Kibokoni kuhusu jambo hili. Akateka.

"Ami," akaniambia, "mtu akikwambia usizioshe mwezi mzima, huyo mkimbie. Kazi ya kusokota hajaijua. Mimi wateja wangu ni Waislamu, na wengine wana wake. Nitawaambiaje wasikoge?"

Dawa yake ni hii. Mteja mpya hamsokoti kwa kitana, bali kwa nyuzi mbili au kwa ile sindano, kwani misokoto hiyo huvumilia maji. Akitaka kuziosha siku za mwanzo, humvisha kichwani soksi nyembamba ya kike, ile ndefu, iliyokatwa ikafungwa ncha moja, na juu yake humimina maji ya sabuni yaliyozimuliwa, akabonyeza kwa ncha za vidole pasi na kusugua. Maji hupita, misokoto haitawanyiki. Kisha kwa ngozi yenyewe ana chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, akaipitisha katika kila njia baina ya msokoto na msokoto. Nilitazama kwa macho yangu. Maji yalifika ngozini, tena upesi kuliko yafikavyo katika kichwa cha mtu mwenye nywele nyingi zisizochanwa.

MAJI YA JANABA

Hapa ndipo penye uzito kwetu sisi, na mtu asinichukulie kuwa nafutu. Fatwa ni za mashekhe. Lakini niliyosomeshwa chuoni sijayasahau.

Katika udhu hapana taabu. Madhehebu yetu ya Shafii yaridhika kwa kupaka maji baadhi ya kichwa, hata kama ni kidogo, madhali ni nywele zilizo ndani ya mpaka wa kichwa. Msokoto ulioning'inia hadi mgongoni, akipaka ncha yake, hajapaka kichwa. Apake juu, karibu na shina. Vijana wengi hawajui hili, nami nimewaona wakigusa ncha na kwenda zao swafuni.

Josho la janaba ni jambo jingine. Humo maji hutakiwa yafike katika ngozi na yaingie katika nywele, nje na ndani. Wanavyuoni wamelizungumza kwa kirefu kuhusu songo za wanawake, kwani Ummu Salama, Mungu amwie radhi, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama atafumua songo zake kwa ajili ya janaba, naye akamjibu kwamba yamtosha kumimina maji kichwani mafumba matatu. Mashafii wakafafanua kuwa maji yakipenya mpaka ndani bila ya kufumua, hapana haja ya kufumua. Yasipopenya ila kwa kufumua, ni wajibu kufumua. Tena wakaongeza jambo ambalo nilipolisoma ujanani halikunishughulisha, na sasa naliona kama lililoandikwa kwa ajili ya kibaraza cha Kibokoni: fundo la nywele lililojifunga lenyewe, ndani yake husamehewa. Lililofungwa na mkono wa mtu halimo katika msamaha huo.

Basi mwenye kusoma na azingatie. Aliyeacha nywele zikajisokota ana mlango mmoja, na aliyekaa kwa msusi akavutwa kwa sindano ana mlango mwingine. Huyu wa pili hana budi kuhakikisha kwamba misokoto yake yapitisha maji. Na hapo yaja yale mambo ya ufundi: nta ya nyuki, ambayo wasusi wengi huipaka ili misokoto ishike haraka, haitoki kwa maji. Hukaa ndani miaka, ikakusanya vumbi, ikauzuia msokoto usinywe maji. Hali kadhalika zile mafuta nzito za kopo. Msusi wangu hazitumii kabisa, na sababu yake ya kwanza haikuwa ya dini. Alisema msokoto wenye nta hauoshwi wala haukauki, ukaoza kwa ndani. Fikihi na ufundi vilikutana hapo bila ya kuagana.

Kuna kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa mashua, hodari wa kazi, aliyeanza kusokota miaka mitatu iliyopita. Siku moja ya Ijumaa alisimama swafu ya mbele. Mzee mmoja akamshika bega akamrudisha nyuma mbele ya watu, akamwambia kichwa chake ni najisi. Kijana hakujibu. Alitoka, na kwa miezi mingi hakuonekana tena msikitini. Mamake alilia kwangu kuliko siku aliyomuona amesokota. "Nyele zitakatwa siku moja," akaniambia, "lakini mwana akiutoka msikiti nimtafute wapi?"

Nami nasema mzee yule alikosea. Najisi ina vitu vyake vinavyojulikana, na nywele za mtu hai si kimojawapo. Angemuuliza, "Mwanangu, maji yafika?" lingekuwa swali la haki, na huenda kijana angemjibu vizuri kuliko wengi wetu, maana nilipomuuliza mimi alinieleza jinsi akogavyo, msokoto mmoja mmoja akiukamua kwa mkono chini ya mfereji. Nimemuandikia ubeti mmoja, akaubandika katika karakana yake:

Ukizifunga zifunge, maji yapate ngozini,
Zioshe, kisha zipange, uzianike juani,
Wala sana usisonge, ukaumia kitwani,
Sizifanye ziwe chenge, ukaja nazo swafuni.

Tangu Ramadhani iliyopita amerudi. Husimama swafu ya tatu, pembeni.

ZILIKOTOKA

Wanaosema nywele hizi ni za dini nyingine wana neno, ila halikutimia. Jumuiya ya Rasta ilizuka Jamaika baada ya Ras Tafari Makonnen kutawazwa mfalme wa Uhabeshi, tarehe 2 Novemba 1930, kwa jina la Haile Selassie. Wafuasi wake walishika nadhiri ya kutopitisha wembe kichwani, wakiitoa katika Agano la Kale, na nywele zikawa bendera yao. Jina dredi nalo latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kitisho. Sisi huku Pwani tulizipata pamoja na kanda za muziki wa rege. Bob Marley alipofariki mwaka 1981 nilikuwa mtoto wa chuoni, na nakumbuka picha yake ilivyoenea katika kuta za vinyozi na ubavuni mwa matatu.

Lakini Kenya ilikuwa na nywele za namna hii kabla ya kanda hizo. Wapiganaji wa Mau Mau walioingia misituni katika miaka ya 1950 hawakuwa na wembe wala kinyozi, wakatoka na misokoto. Picha ya Dedan Kimathi aliyetekwa Oktoba 1956, kabla ya kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, yamuonyesha hivyo. Muthoni wa Kirima, aliyekuwa mwanamke wa cheo cha juu kabisa katika wapiganaji hao, alikataa kuzikata zake hata baada ya uhuru. Alikaa nazo takriban miaka sabini, hadi Aprili 2022 alipokatwa na Mama Ngina Kenyatta, na mwaka uliofuata akaiaga dunia. Yeye hakuwa Rasta.

Na kwa upande wa Waislamu, tazama Senegali. Shekhe Ahmadu Bamba, mwasisi wa tarika ya Muridi na mji wa Touba, aliyefariki mwaka 1927, alikuwa na mwanafunzi mtiifu akiitwa Ibrahima Fall. Wafuasi wa huyu Ibrahima, waitwao Baye Fall, huvaa kanzu za viraka, hufanya kazi ngumu kwa ajili ya shekhe wao, na husokota nywele. Wanavyuoni wana maneno mengi juu yao, hasa kuhusu sala, na baadhi ya maneno hayo ni ya haki. Ila hakuna awezaye kusema kwamba misokoto yao waliiga Jamaika.

Isitoshe, imepokewa kutoka kwa Ummu Hani kwamba Mtume aliingia Makka akiwa na songo nne za nywele. Na katika Hija yake alizigandisha nywele zake kwa kitu cha kunata, jambo liitwalo talbidi, ili zisitimke wala zisiingie vumbi muda wa ihramu. Sisemi kwamba hiyo ni dredi. Talbidi ilikuwa ya siku chache, kisha akanyoa. Nasema tu kwamba mwanamume mwenye nywele zilizosukwa au kugandishwa si kioja kilichozuka jana.

Serikali nayo imekwisha kutiwa katika jambo hili. Mwaka 2019 shule moja ya upili ya Nairobi ilimrudisha nyumbani msichana wa Kirasta kwa sababu ya nywele zake, na mnamo Septemba mwaka huo huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kuwa shule ilivunja haki yake, akaamuru arudishwe darasani. Wazazi wetu wa Kiislamu ambao mabinti zao wamewahi kukatazwa mtandio shuleni watalifahamu lile jambo kuliko wengine.

KUSI NA KASKAZI

Sasa nirudi kwa maji, kwani ndiyo kazi yenyewe.

Msokoto uliokwisha kushika huoshwa kila wiki moja au mbili, na mwenye kufanya kazi ya jasho, kama mvuvi au mpagazi, hata mara mbili kwa wiki. Tatizo la Pwani si kuosha, ni kukausha. Wakati wa kaskazi mtu akikoga asubuhi, adhuhuri nywele ni kavu. Lakini masika yakianza na kusi ikaingia, hewa yote ni unyevu. Msokoto mnene waweza kukaa mbichi usiku na mchana, na ndani yake ukaota ukungu. Harufu yake si ya jasho, ni ya uvundo wa nguo iliyosahauliwa katika beseni. Ukungu huo ukishaingia katika moyo wa msokoto, mara nyingi hautoki ila kwa kukata. Kwa hivyo wakati wa masika zioshwe mapema asubuhi, wala zisioshwe baada ya magharibi. Zikamuliwe kwa taulo msokoto baada ya msokoto, kuanzia juu kwenda chini, na mtu asilale wala asivae kofia mpaka zikauke. Mwenye janaba usiku akoge, hilo halina hiari; ila akishakoga akae mbele ya pangaboi, na asiutie mto kichwa kibichi.

Maji ya kisima nayo yana neno. Visima vingi vya kisiwani Mombasa na vya Lamu vina chumvi. Sabuni haitoi povu, na hubaki ndani ya msokoto kama unga mweupe. Anayeosha kwa maji ya kisima azisuuze mwisho kwa maji ya mvua au ya mfereji. Maji ya bahari hayana tofauti: vijana wa ufuoni hupenda kujitosa kwa sababu chumvi huzikwaruza nywele zikashikana haraka, na ni kweli, lakini pia huzikausha zikavunjika. Wakitoka baharini wajimwagie maji matamu.

Mafuta ya nazi ni yetu, na sitaki kuyasema vibaya. Matone machache katika ngozi, kwa ncha ya kidole, yatosha. Lakini mabibi zetu walizoea kuyamimina hadi paji la uso ling'are, na hilo halifai katika msokoto. Hukaa ndani yakachacha. Utomvu wa shubiri, uliokamuliwa siku hiyo hiyo, hushika nywele za shinani vizuri badala ya nta, na hutoka kwa maji. Majani ya mkunazi yaliyopondwa yakachujwa ni sabuni njema ya ngozi ya kichwa, ila yachujwe kwa kitambaa, la sivyo vijivipande vya majani vitakaa humo hadi Maulidi ijayo. Hina ni hivyo hivyo: rangi yake hupendeza, lakini punje zake hazitoki katika msokoto, basi maji yake tu ndiyo yapakwe. Piko la kopo nalikataza kabisa. Nimemuona mtu aliyevimba uso mzima kwa dawa hiyo.

Na usiku zifungwe kwa kitambaa laini, hariri ikipatikana, kwani nyuzi za shuka na za taulo huingia katika msokoto na hazing'oki. Utaona kijana msafi kabisa, lakini kichwa chake kina vinyuzi vyeupe kila mahali, watu wakasema ni chawa.

Kusokota upya shina lililoota hufanywa baada ya wiki 4 hadi 8. Hapa ndipo watu hujiharibu wenyewe, hasa wanawake. Hutaka shina libane, lionekane jipya kila Ijumaa, wakasokotwa kila wiki, tena kwa nguvu, kisha wakazikusanya zote nyuma wakafunga fundo zito. Nywele za panja huanza kukatika, halafu hazioti tena. Mke wangu alimkuta kwa msusi bibi arusi wa miaka ishirini na kitu ambaye panja zake zilikuwa tupu kama za mzee, na familia ikitaka afungwe vivyo hivyo kwa ajili ya picha. Msusi alikataa. Alimsuka kwa kulegeza, misokoto miwili miwili ikapishana kuelekea utosini, akazitia asumini katika mapishano, kikuba kikaning'inia upande mmoja, na paji la uso likafunikwa kwa mtandio. Kichwa kikiuma baada ya kusukwa, akasema, hiyo si dalili ya kazi nzuri. Zifumuliwe siku hiyo hiyo.

Mitindo kwa wanaume si mingi. Huziachia, au huzifunga kisogoni kwa msokoto mmoja wao uliozungushwa kama kamba ya gati, au huzisuka mikia mitatu minne wakiwa kazini zisinaswe na mashine. Ule mtindo wa kunyoa pembeni na nyuma hadi ngozi, zikabaki misokoto ya utosini peke yake, wazee wetu waliujua zamani wakauita denge, na kunyoa baadhi ya kichwa na kuacha baadhi kumekatazwa katika hadithi. Vivyo hivyo kuunganisha nywele za mtu mwingine ili zionekane ndefu, biashara iliyoshamiri sasa. Wenye kuunganisha na wenye kuunganishwa wametajwa kwa laana. Anayetaka ndefu na angoje zirefuke.

Mwenye kuchoka nazo si lazima anyoe upara. Zaweza kukatwa zikabaki urefu wa vidole vitatu, kisha zikafunguliwa kwa mafuta na sindano, kidogo kidogo, kuanzia nchani. Ni kazi ya siku nyingi, na nywele zitakazotoka zitamshangaza kwa uchache wake, kwa sababu ya zile zilizokwisha kung'oka nilizozitaja juu.

Limebaki moja, nalo nililisikia kwa mzee mmoja ambaye ni mwosha wa maiti kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliitwa kumuosha kijana aliyefariki katika ajali ya pikipiki, mwenye misokoto hadi kiunoni. Jamaa zake waligawanyika mlangoni. Wengine walitaka akatwe kabla ya kuoshwa, babake hakutaka. Mzee aliwaambia wasubiri. Alijua kwamba binti ya Mtume alipofariki, Ummu Atiya na wenzake walimfumua nywele, wakamuosha, kisha wakamsuka songo tatu. Lakini hizi hazikuwa za kufumuka.

"Nikasema maji yafike tu," alinieleza. "Nilianza na ya mkunazi. Kila msokoto nikautia mkononi, nikaukamua, nikaumiminia tena, hata maji yakatoka meupe. Ndoo nilizoea tatu nne; siku hiyo nilimaliza kumi na moja. Kisha nikazipangusa kwa shuka mbili, maana sanda isingefaa kulowa. Ya mwisho nikatia kafuri. Babake yuwasimama hapo akinishikia taa."

Walimzika baada ya isha.